Irini na Uzi Mwekundu

Wazee wetu walipokea kwa wazee wao, nao wakatufikishia sisi bila kupunguza, kwamba hapo kale katika nchi ya Misri, upande wa juu ambako mto hupita kati ya mitende na jangwa, palikuwa na parokia ndogo iliyosifika kwa huruma. Juu ya jina la mji wasimulizi wamehitilafiana, na mimi sitaingia katika ugomvi wao. Juu ya jina la mwanamke hawakuhitilafiana hata mmoja. Aliitwa Irini binti Wisa, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala la maskini kwa miaka ishirini na sita.

Nataka mumjue vyema kabla sijafika kwenye aibu yake, maana tukimjua kwa aibu yake peke yake tutakuwa tumemdhulumu. Baba yake alikuwa mtia rangi nguo, na alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba viwili na mapipa ya rangi yaliyokauka. Irini alikataa posa tatu, akajiweka wakfu kwa kazi ya Bwana. Alifunga siku zilizoamriwa, akaongeza nyingine ambazo hakuna aliyemwamuru. Parokia ile ililea watoto arobaini na kitu, wengine yatima, wengine wana wazazi walio hai ila hawana kitu, pamoja na watu wazima waliofikwa na mambo: wajane, vipofu, na waashi walioanguka kutoka juu ya kuta wasiweze tena kushika nyundo. Wote hao walipata mikate kila Jumamosi, na kila mwanzo wa baridi walipata joho la sufi. Msidhani Misri ni jua tu. Upepo wa jangwani mwezi wa Kuzaliwa kwa Bwana huwauma watu mpaka meno yakagongana.

Majoho yalifumwa na wanawake wa parokia kwa sufi iliyotolewa na wafugaji, na kila moja lilipita mikononi mwa Irini. Alikagua mishono, akanusa sufi kama imekauka, akavuta mikono ya joho kuona kama itahimili mtoto anayepanda miti. Watu walisema kwamba angeweza kulitambua joho lake toka upande wa pili wa soko. Walikuwa wanasema kweli. Tena alikuwa akiliona joho kabla ya kumwona aliyelivaa, na hilo hakuna aliyelisema, kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa kosa.

Mwaka mmoja, katikati ya baridi, Irini alikwenda sokoni kununua chumvi, akakuta majoho mawili ya parokia yananing'inia kwa muuza nguo kuukuu. Aliyajua mara moja. Alirudi nyumbani kwa hasira, akalia mbele ya picha ya Mama wa Mungu, akauliza jasho la wanawake wale lilikuwa la nini ikiwa watu wanakwenda kuliuza. Hasira yake ilikuwa na haki, sikatai. Ila hakwenda kuuliza ni nani aliyeuza, wala alikuwa na njaa kiasi gani hata akauza joho lake kwenye baridi ile. Alifikiri juu ya dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Dawa aliyoipata ilikuwa hii. Nyumbani kwake palikuwa bado na vifundo vya uzi aliotia rangi marehemu baba yake, uzi mwekundu usiochuja hata ukichemshwa. Akaamua kwamba tangu mwaka ule kila joho la maskini lishonwe uzi huo ukosini, mistari mitatu kuizunguka shingo, ili kila muuzaji ajue kwamba ni mali ya kanisa asithubutu kulinunua. Wazee wa kanisa walifurahi mno. Mmoja wao, Mzee Gabra, ambaye ndiye aliyetoa sufi nyingi kuliko wote, alisema kwamba akili ya namna hii ni karama.

Abuna Makari, maana ndivyo walivyomwita kasisi wao, alilishika joho la kwanza lililotiwa alama, akapitisha kidole ukosini. "Dada Irini," akasema, "litaonekana kutoka mbali."

"Ndiyo faida yake, Abuna," akajibu Irini.

Kasisi alitaka kusema neno lingine, lakini wazee walikuwa wanatabasamu wote, naye alikuwa mtu asiyependa mabishano, akalirudisha joho mezani. Tutarudi kwake baadaye, naye pia ana sehemu yake.

Majoho hayakuuzwa tena. Irini alimshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Lakini mambo mengine yalianza, na yeye hakuyaona. Watoto walioshonewa uzi walipewa jina mtaani, wakaitwa "watoto wa nyekundu," na kwenye michezo wakawa wanachaguliwa mwisho. Watu wazima walijifunza kuukunja ukosi ndani, hata joto la jua likiwachoma shingo. Alikuwapo mwashi mmoja mwenye mguu uliovunjika, jina lake Samwili, ambaye siku ya kugawiwa alitoa shukrani kwa heshima zote, akalipokea joho, akalifungia sandukuni, na baridi yote akatembea amejifunga gunia. Irini alimwona na gunia lake akahuzunika, akasema moyoni kwamba kiburi cha maskini ni kitu kibaya sana.

Sasa nifike kwa Verena na binti yake. Verena alikuwa mjane msusi wa vikapu, mwanamke wa maneno machache, aliyekata mwenyewe makuti ya mitende kando ya mto. Binti yake aliitwa Tabitha, umri wake miaka tisa, na Mola alikuwa amemjalia sauti ambayo mtu akiisikia husahau alichokuwa anafanya. Mwaka ule wa pili wa uzi mwekundu, mwalimu wa nyimbo alichagua wasichana watano wa kutangulia maandamano ya Sikukuu ya Kuzaliwa, kila mmoja na mshumaa wake, waimbe zaburi mbele ya kusanyiko lote. Tabitha alikuwa wa kwanza kuchaguliwa. Wale wanne wengine walikuwa mabinti wa wenye nafasi, na majoho yao yalikuwa meupe, hayana kitu shingoni.

Asubuhi ya sikukuu Irini alisimama kwenye mlango wa wanawake kama ilivyokuwa ada yake, kuwapokea watu. Walipokwisha kuingia wote na nyimbo zikaanza, akamwona Tabitha anakuja mbio peke yake, mshumaa mkononi. Alikuwa amejificha nyuma ya ukuta mpaka watu waingie. Irini akalitazama joho, na moyo ukampasuka. Ukosi ulikuwa mweupe. Akainama, akaona vitundu vidogo vidogo vya sindano, mistari mitatu, mahali uzi ulipokuwa.

"Uzi uko wapi?" akamuuliza.

Mtoto akatazama chini.

Akamuuliza ni nani aliyemtuma kuufumua, akamuuliza kama mama yake ana mpango wa kulipeleka joho sokoni, na kwa kila swali mtoto alizidi kukitazama kidole cha mguu wake. Irini aliuona ukimya ule kuwa ushahidi. Akamvua joho, akalikunja vizuri akaliweka chini ya kwapa, akamwambia aende akamlete mama yake ajieleze mwenyewe. Alisema kwa upole, na wasimulizi wamelisisitiza hilo. Hakumpigia kelele wala hakumgusa vibaya.

Tabitha alibaki na kanzu yake nyepesi. Akauliza neno moja tu: "Naweza kuingia kuimba hivi hivi?"

"Kamlete mama yako kwanza," akasema Irini.

Mtoto akageuka, akarudi alikotoka, katika upepo ule. Maandamano yakapita na mishumaa minne. Mwalimu wa nyimbo alikuwa anageuka geuka kumtafuta wa tano, zaburi ikaanza kwa sauti ya chini kuliko ilivyokusudiwa, na Irini, kutoka kwenye safu yake ya nyuma, aliliona lile pengo kati ya msichana wa pili na wa tatu. Alilitazama kisha akafumba macho ili asali.

Alasiri ile alimngoja Verena, lakini hakuja. Ili asikae bure alichukua sindano na uzi wa baba yake, akaushona upya ule ukosi, mistari mitatu kama kwanza. Kesho yake akamngoja, na siku ya tatu pia. Akasema moyoni kwamba mwenye hatia haji. Hakujua kwamba Verena alikuwa amejikata mguu kwa mundu akikata makuti, jeraha likavimba asiweze hata kufika kisimani. Yeye mwenye kuzijua nyumba zote za maskini wa parokia, nyumba ile hakuwa ameigonga tangu alipoligawa joho.

Ilipofika wiki, wazee wa kanisa wakakutana, na Irini akiwa miongoni mwao kwa sababu ya ufunguo wa ghala. Mzee Gabra akasimama na habari. Akasema kwamba binti wa Verena ameonekana mara nyingi akiteka maji bila joho, na kwamba sasa amelala, ana kichomi, anakohoa mpaka majirani wanamsikia. Kwa maneno mengine, akasema, mama ameliuza joho la mwanawe, na mama wa namna hiyo atauza na mikate. Wakashauriana. Wakaona kwamba jina la Verena litolewe katika orodha ya mikate ya Jumamosi mpaka atakapokuja kutubu, iwe funzo kwa wengine.

Abuna Makari hakuridhika, lakini hakuwa na la kupinga. Akamgeukia Irini. "Dada Irini, mwenye majoho ni wewe. Una lolote la kusema?"

Joho la Tabitha lilikuwa nyumbani kwake, sandukuni, limekunjwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua isipokuwa yeye na mtoto mgonjwa. Irini alifungua kinywa. Akawaona wote wanamtazama kwa ile heshima waliyomtazama nayo miaka yote.

"Sina, Abuna," akasema.

Hapo ndipo msiba wake ulipo, wapenzi wasomaji, na msiutafute kwingine. Kumvua mtoto joho kulikuwa kosa la mtu anayedhani yuko sawa. Hili la pili alilifanya akijua. Wengi wetu tungelifanya vilevile na tungelala usingizi.

Irini hakupata kutulia. Kila aliposali Baba Yetu alifika kwenye makosa akakwama, akarudia mwanzo, akakwama tena pale pale. Jumamosi aligawa mikate, na mwisho wa mgao fungu la Verena likabaki kapuni, mikate sita. Akaitazama, ikawa kama nayo inamtazama yeye. Ndipo alipoamua kwenda. Lakini hata hapo alikwenda na hila, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia baadaye bila kujificha. Alilichukua joho, akalificha chini ya shuka lake, akachukua na bakuli la mchuzi, akajipangia maneno ya kusema: kwamba amesikia mtoto hana joho, na kwamba amemletea jingine kutoka ghalani. Angetoa, angeshukuriwa, jambo lingekwisha.

Alimkuta Verena ameketi kizingitini, mguu ameufunga matambara, anasuka kikapu. Mjane alipomwona alijaribu kusimama akashindwa, akaushika mkono wa Irini akaubusu.

"Mama," akasema, "nimesikia wanayoyasema. Sijaliuza. Usiniandike mwizi, nakuomba. Mtoto alirudi siku ya sikukuu bila joho, nikamuuliza liko wapi, akaniambia limebaki kanisani. Nimemuuliza mara kumi, hasemi zaidi ya hapo. Nadhani wamemwibia anaogopa kusema. Mimi siwezi kutembea nije kulitafuta."

Irini akahisi joho chini ya shuka lake lina uzito wa jiwe la kusagia. Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa, na mahali alipobusiwa palikuwa panamwasha.

Wakaingia ndani. Tabitha alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa magunia na vikapu viwili vilivyofumuliwa, macho yanang'aa kwa homa. Alipomwona Irini aliacha kukohoa kwa woga, akajizuia mpaka uso ukabadilika rangi. Mama yake akaeleza kwa aibu kwamba kuna kitu kimoja cha kanisa ambacho mtoto amekuwa akimsumbua akirudishe, hata katika homa yake. Akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa kijiti cha mtende kilichozungushiwa uzi mwekundu, uzi wote, haukukatika mahali popote.

"Aliufumua kwa mwiba, siku nne," akasema Verena. "Mimi sikujua. Alikuwa anatoka kukaa nyuma ya nyumba. Alitaka aimbe mbele za watu shingo yake iwe kama ya wenzake, siku hiyo moja tu. Anasema baada ya sikukuu alikuwa aushone tena kwa sababu uzi si wake, ni wa kanisa. Ndiyo maana hakuukata."

Wanasema waliosimulia kwamba Irini alisimama pale na bakuli la mchuzi mkononi, asijue wapi pa kuliweka. Ile hila aliyokuja nayo ikamtoka. Alikuwa ameona vitundu vya sindano ukosini akamwona mwizi, na kumbe mwenye vitundu vile alikuwa ameilinda mali ya kanisa kuliko yeye alivyomlinda mtoto. Akaliweka bakuli chini. Akalitoa joho, akamfunika Tabitha bila kusema neno. Na mtoto, kwa mkono wake dhaifu, akaupapasa ukosi, akauona uzi mpya, akaukunja ndani taratibu kama alivyozoea.

Irini akapiga magoti. Akaukunjua ule ukosi, akaukata uzi kwa meno yake, akauvuta mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, machozi yanamwagika juu ya sufi. Kisha akamgeukia Verena.

"Ni mimi niliyemvua," akasema. "Mlangoni mwa kanisa, na baridi ile. Limekuwa sandukuni mwangu siku zote hizi. Na wazee waliponiuliza nilisema sina la kusema."

Tungependa kusimulia kwamba Verena alimkumbatia palepale, lakini hatukupokea hivyo. Aliuvuta ule mguu wake mbovu akaenda kukaa upande wa pili wa mwanawe, akamfunika vizuri mabegani.

"Unalia mbele yangu, mama, na mimi ni mtu ambaye hakuna anayenisikiliza," akasema. "Jina langu halikuchafuliwa hapa ndani. Lilichafuliwa kule."

Irini akasema amefahamu. Akaomba apewe kile kijiti, akapewa. Aliondoka, na jua lilikuwa bado juu, watu wako milangoni, wakimwamkia kwa heshima nyumba baada ya nyumba, na kila salamu ilimkata.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya injili kusomwa Irini alitoka kwenye safu yake ya nyuma, akapita katikati ya kanisa, jambo ambalo mwanamke hakulifanya katika siku zile, akasimama mahali ambapo msichana wa tano alipaswa kusimama na mshumaa wake. Alikiinua kile kijiti wakione. Akaeleza yote kwa mpangilio, hakuacha hata ile hila ya kwenda na joho kama zawadi. Mzee Gabra, kwa nia njema, akanyanyuka kusema kwamba dada yetu alifanya hivyo kwa uchungu wa mali ya Mungu na hakuna haja ya kuendelea. Irini akamwomba aketi.

"Usinipunguzie, mzee," akasema. "Verena hajapunguziwa."

Kisha akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza, Abuna Makari alishuka altareni, akasimama kando yake. Akawaambia waumini kwamba yeye aliliona tatizo siku ya kwanza kabisa, joho likiwa mkononi mwake, akanyamaza kwa sababu wazee walikuwa wanatabasamu. Aliyekosa kwa bidii amesimama hapa, akasema, na aliyekosa kwa uvivu na asimame naye. Mzee Gabra naye akainuka, safari hii bila maneno, akaja akasimama. Kule nyuma, Samwili mwashi aliyejifunga gunia aliinamisha kichwa akalia, na wasimulizi hawakusema alilia kwa sababu gani.

Jumatatu Irini alianza kuzipita nyumba za maskini akiwa na sindano ya kufumulia. Ndiyo adhabu aliyojichagulia, nayo ilikuwa kali kuliko ilivyosikika, kwa sababu kila nyumba ilibidi abishe hodi, aombe ruhusa, akae juu ya mkeka wa watu, na afumue huku wanamtazama. Wengine walimsaidia. Wengine walimkabidhi joho mlangoni wakafunga mlango. Mama mmoja alikataa kabisa, akasema uzi ule ubaki mahali pake, Irini auone kila Jumapili, na Irini akakubali kwamba ana haki. Alipofika kwa Samwili, mwashi alilitoa joho sandukuni, jipya kama siku aliyolipokea, akamngoja amalize mstari wa tatu, akalivaa hapo hapo na kushukuru kwa mara ya pili.

Tabitha alipona, alhamdulillahi, ila kifua chake hakikurudi kuwa kile cha zamani. Sauti ile iliyowasahaulisha watu kazi zao ilirudi nusu. Hilo Irini alilisikia kila sikukuu kwa maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia kitu juu yake. Mwaka uliofuata majoho yaligawiwa bila alama. Matatu yakauzwa. Irini aliyaona sokoni, akayatambua toka mbali kama kawaida yake, akamsalimu muuzaji, akaenda kwa Abuna kuuliza ni nyumba ipi haina chakula.

Miaka ikapita. Irini akazeeka, macho yakazibwa na ukungu, akakabidhi ufunguo. Nyumba ya baba yake ikabomoka upande mmoja, na yeye hakuwa na mwana wala ndugu. Na jina lake, kama majina mengine, likaingia katika orodha ya parokia ya watu wazima waliofikwa na mambo. Siku ya kugawa ilipofika hakwenda. Alikaa kwake na baridi yake. Watu walidhani hajisikii vizuri, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaona haya. Alikuwa ametoa maisha yake yote, na kupokea hakukujua.

Mchana akasikia hodi. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kikohozi kidogo, ambaye ndiye aliyeshika ghala siku hizo. Alimwinua yule bibi kizee, akamvika joho jipya, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtu anavyomfunga mama yake. Irini alimtambua kwa kile kikohozi. Akaipeleka mikono yake shingoni, na vidole vyake vikaanza kuuzunguka ukosi, polepole, mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Unatafuta nini, mama?" akauliza Tabitha.

"Alama yangu," akasema Irini.

"Hakuna kitu hapo."

Irini akauzunguka ukosi mara ya tatu, na hakukuta ila sufi. Ndipo alipoficha uso wake begani mwa Tabitha, akalia kama ambavyo hajawahi kulia, na Tabitha akamwacha alie.

Haya ndiyo yaliyotufikia. Mimi niliyeyaandika nimetoa sadaka mara nyingi maishani, na nilipofika hapa niliiweka kalamu chini nikajaribu kuzikumbuka nyuso za niliowapa. Nilikumbuka vitu vyote nilivyotoa. Nyuso nilikumbuka mbili tu. Mwenyezi Mungu atusitiri, nasi atufundishe kuwasitiri wengine kabla hajatuuliza. Amina.